Gunia la Mbarika

Jumapili, mwezi wa tatu, 1974. Nakuru.

Mvua imenyesha kidogo leo asubuhi, ya kwanza tangu Krismasi, ikatuliza lile vumbi jeupe la ziwani ambalo limetuingia machoni mwezi mzima. Majirani wa ploti wametoa mabeseni nje, wanacheka. Mimi nimekaa kitandani na daftari hili na mkono hautaki kuandika.

Nitaandika hivyo hivyo.

Ninafanya kazi kwenye maabara ya kiwanda cha Bwana Kanji, kule karibu na reli. Maabara ni neno kubwa. Ni chumba kimoja chenye meza, mizani, chupa na sinki inayovuja, na tangu mkemia aliporudi kwao ng'ambo mpimaji ni mimi peke yangu. Tunakamua mafuta ya alizeti. Makapi yanayobaki, yaani mashudu, watu huja kuchukua wakalishe ng'ombe. Mafuta yaliyoharibika tunayapikia sabuni.

Tangu mwaka jana, bei ya mafuta ya petroli ilipopanda dunia nzima, tunahangaika. Dizeli ya boila inakuja kwa mgao. Kostiki, ile soda kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni, inatoka ng'ambo kwa meli, na tangu Januari hatujaiona. Mwezi uliopita Bwana Kanji alitukusanya uani, akavua miwani, akasema, "Soda isipokuja mpaka Pasaka, mimi nafunga. Sina njia ingine." Mzee Odera, fundi wa boila, ana watoto sita. Alikuwa anaangalia viatu vyake.

Mimi nilikuwa nimeona njia ingine, ila niliogopa kuitaja.

Ilikuwa kwenye kitabu alichoacha mkemia. Mbarika, huu mmea unaojiotea wenyewe kando ya reli na kwenye kila ua, una kitu ndani ya mbegu yake. Kitabu kinakiita enzaimu. Kazi yake ni kukata mafuta ya mbegu ili mche mchanga upate chakula. Ukisaga mbegu hizo ukazichanganya na mafuta mengine, maji na siki kidogo, enzaimu inaendelea kukata kana kwamba haijui mbegu imeshasagwa. Haitaki boila. Inataka uvuguvugu tu, kama wa kiganja cha mtu, na ukizidisha moto inakufa. Mafuta yakishakatika yanakuwa asidi, na asidi hiyo haidai kostiki. Inakubali magadi, haya haya tunayowekea githeri ili mahindi na maharagwe yaive upesi.

Nilijaribu kwenye chupa wiki mbili, halafu nikamwomba Bwana Kanji pipa moja. Kwa vile Nakuru kuna baridi, mimi na Mzee Odera tulilifunga pipa magunia na kulizika mpaka shingoni kwenye maranda tuliyopewa na watu wa kupasua mbao. Ndani mlikuwa na uji mzito wa kijivujivu, wenye harufu kama ya jibini iliyosahauliwa. Wanawake wa kufunga sabuni walipita wameziba pua. Mmoja aliniuliza kama napika pombe.

Jumatano tulilifungua.

Kupima asidi ni kazi ya matone. Unadondosha soda, ile kidogo iliyobaki kwenye chupa ya maabara, mpaka rangi ya waridi itokee na isipotee. Asidi ikiwa kidogo, rangi inakuja mara moja. Jumatano nilidondosha, nikadondosha, nikajaza tena lile bomba la kioo, na rangi ikawa inakuja na kutoroka. Ilipokaa hatimaye, niliketi sakafuni. Mafuta karibu yote yalikuwa yamekatika, bila moto.

Tukaweka magadi. Ikafura povu kama maziwa yanayochemka, Mzee Odera akaruka nyuma, kisha ikatulia na kuanza kuganda. Alinawa mikono na kipande cha kwanza kabla hakijakauka sawasawa, akamwonyesha kila mtu viganja vyake. Bwana Kanji alinusa, akacheka, akasema, "Chebet, wewe mchawi!" Sijawahi kusifiwa kazini. Niliimba njia nzima kwenda nyumbani.

Sasa nifike nisikotaka kufika.

Ukurasa ule ule unaoeleza enzaimu unasema kwamba mbegu ya mbarika ina sumu kali. Niliusoma. Niliwaambia wenzangu wasionje na wanawe mikono. Lakini Jumatano, katika furaha ile, mbegu tulizosaga zikabaki, gunia karibu nusu, na mimi kwa mikono yangu nililiegemeza ukutani karibu na mlango. Pale pale yanapokaa mashudu. Sikuandika kitu juu yake. Nilisema nitalirudia.

Mama Njoki huja kila Alhamisi. Ni mjane wa mtaa wa Bondeni. Ana ng'ombe mmoja anayeitwa Rosi, ambaye maziwa yake yanawalisha yeye na mtoto wake, na nyumba nyingine tatu zinanunua. Mashudu na mbegu zilizosagwa, kwa macho, ni ndugu. Alhamisi hii alichukua magunia mawili.

Ijumaa niliona gunia halipo. Hapa ndipo moyo unaniuma zaidi. Nilijiambia mfagiaji amelichoma, na sikumuuliza. Kumuuliza kulikuwa hatua ishirini tu. Nilikuwa naandika ripoti ya majaribio yangu na sikutaka kitu kiichafue.

Jana, mchana kidogo, Mzee Odera alirudi kutoka chakula. Akasema hivi hivi, kama mtu anayetaja habari za mtaa, "Ng'ombe wa Mama Njoki amelala chini tangu jana, anahara damu. Wanasema wamchinje kabla hajafa, nyama isipotee."

Nilikimbia na koti la maabara. Sikumbuki barabara.

Walikuwa kama watu kumi uani, na mabeseni. Rosi alikuwa amelala ubavu, shingo imenyooka, macho yake bado yanafuata watu. Mwanamume mmoja alikuwa amekunja mikono ya shati na kisu kikubwa mkononi.

"Msimchinje!" nilisema. "Msile hiyo nyama!"

"Kwani wewe ni daktari wa mifugo?" akaniuliza.

Ningeweza kusema nimesikia kuna ugonjwa. Neno hilo lilikuwa mdomoni, tayari. Wangeogopa, wangeniamini, na mimi ningerudi kazini.

"Hapana," nikasema. "Mimi ndiye niliweka ile sumu aliyokula. Mama Njoki, lile gunia la pili halikuwa mashudu. Ilikuwa mbarika. Mimi ndiye nililiacha pale."

Mama Njoki alikuwa ameshika kamba ya Rosi. Nilidhani atanipiga, na nilitaka anipige.

"Na maziwa?" akauliza. Sauti ndogo sana. "Njoki alikunywa maziwa jana asubuhi."

Kitabu hakisemi kitu juu ya maziwa.

Njoki ana miaka mitano. Tulimbeba hospitali kwa zamu, mimi na mama yake. Daktari aliniuliza maswali mengi na nikamjibu yote mpaka jina la kitabu. Wakamlaza wamwangalie. Leo alfajiri ameamka akidai mkate. Ameruhusiwa. Nikiandika hivi machozi yananitoka tena.

Rosi alikufa jana jioni. Walimzika bila kumkata, pamoja na ngozi yake, na wale waliokuja na mabeseni ndio waliochimba.

Kutoka hospitali leo asubuhi nilienda nyumbani kwa Bwana Kanji. Nilimkuta kwenye veranda na mke wake. Nilimweleza nimesimama. Akauliza kwanza, "Mtoto iko namna gani?" Nilipomaliza kumweleza, akavua miwani.

"Ungekuja kwangu kabla ya kusema mbele ya watu."

"Nyama ingekuwa imeshaliwa, Bwana."

Akakubali kwa kichwa. Mke wake akanivutia kiti. Hakunifukuza. Amesema kesho tunajaza tangi kubwa, na kwamba mbegu zitakaa chini ya kufuli. Kila kitakachobaki kitaingia kwenye moto wa boila nikiwa nimesimama hapo. Watu wote watabaki na kazi. Nilisikia hayo yote, na furaha ya Jumatano haikurudi. Sijui kama inastahili kurudi.

Mchana huu nimepita Bondeni. Baba yangu kule Mau Narok aliniwekea mtamba nilipomaliza Form Four, sasa ana mimba, atazaa mwezi wa sita. Nilimwambia Mama Njoki kwamba nitamwandikia baba amteremshe kwa lori la viazi, na awe wake.

Mama Njoki alikuwa anakunja kamba ya Rosi. Hakunishukuru, na sikutegemea.

"Mlete wewe mwenyewe," akasema. "Usimtume mtu. Na siku nitakapomkamua mara ya kwanza utakuja usimame hapa. Kikombe cha kwanza utakunywa wewe, mbele ya Njoki. Mpaka aone."

Nilimwambia nitakuja.

Barua ya baba nimeshaiandika, iko hapa kando ya daftari. Imebaki ilani ya ukutani, pale zitakapokaa mbegu. Nimechukua kadibodi na rangi nyekundu ya kiwandani na ninaandika neno SUMU kwa Kiswahili, kwa Kikuyu, kwa Kiluo na kwa Kigujarati, ambacho nitaandikiwa na mke wa Bwana Kanji. Kwa wasiojua kusoma nitachora ng'ombe amelala chini.

Nimemchora mara tatu. Bado sijaweza kuyamalizia macho.