Ukuta Uliosiribwa kwa Ajili ya Picha

Juba

Mama mpendwa,

Mulembe! Natumai barua hii inakukuta na nguvu, na kwamba goti lako limetulia tangu mvua ipungue. Mimi mzima, ila jua la huku halina huruma. Nekesa, dada yangu, wewe unayemsomea Mama, usiruke mahali, hata pale nitakapolalamika.

Kazi ya kuchora mabango ya maduka inaendelea. Wiki hii nimechora kuku wa hoteli, tairi la fundi na kichwa cha kinyozi. Watu wanasifu, lakini nikila asida, ugali wa huku, peke yangu nakumbuka mboga yako ya mrenda na kelele za soko la Ndalu, na moyo unauma kabisa. Ndiyo sababu naitaka sana ile nafasi ya wachoraji Nairobi. Wakinichukua, narudi Kenya. Walitaka niwaonyeshe kazi kumi kwenye mtandao, na angalau moja iwe ya moyo wangu, si ya kuagizwa na mteja.

Ya moyo wangu ni moja tu, Mama: ule ukuta wa mbele wa nyumba yetu, niliouchora kwa udongo mwekundu na majivu kabla sijaondoka. Baiskeli ya marehemu Baba, kuku wako, na mlima nyuma yao. Ndipo nikamwomba mdogo wangu Simiyu atoke kwenye saiba yake, duka lake la intaneti kule Kitale, aje na kamera aupige picha. Kosa langu ni kumwambia akupe habari mapema.

Picha ilipofunguka kwenye kompyuta ya saiba ya huku, nilidhani amekosea boma. Ukuta mtupu, umesiribwa upya kwa samadi, nawe umesimama mbele yake na gauni la kanisani, mikono imenyooka! Nikampigia simu nikiwa nimewaka.

"Sasa unanifokea nini?" akasema. "Nilifika nikakuta Mathe amemaliza. Ati, 'Dunia nzima ione ukuta wangu una moshi na nyufa? Si watasema huyu mama ni mvivu!' Ningefanya nini, bana?"

Nilikasirika, sitakuficha. Siku mbili sikushika brashi. Mgeni akija nyumba husiribwa, hilo nalijua tangu utoto, lakini uchungu haujui desturi. Siku ya tatu nikarudi saiba nikaifungua tena ile picha, kwa sababu nilitaka tu kuuona uso wako. Nikaikuza. Nyuma ya bega lako nikaona alama za kiganja chako, nusu duara juu ya nusu duara, kutoka mlangoni hadi pembeni, hata moja haijapotoka. Nikakumbuka nilivyokuwa nikikufuata nyuma na kidole changu, nikirudia kila mstari kabla haujakauka. Nililia pale pale, watu wakinitazama.

Picha hiyo nimeiweka ya kwanza. Simiyu, anayenipandishia kazi zangu mtandaoni, aliuliza aandike nini chini yake. Nikamwambia: "Kazi ya mama yangu. Hapa ndipo nilipojifunzia." Sijui kama wataikubali, maana si yangu. Jibu bado.

Nisalimie Mjomba, fundi wetu wa baiskeli pale Tongaren, na Shangazi anayeshona na kuuza nguo Kanduyi. Mwambie kanzu aliyonishonea bado naivaa Jumapili.

Na mvua zikiuharibu ukuta, Mama, uache hivyo hivyo. Usiusiribe mpaka nije, hata kama nitakuja kwa likizo tu. Samadi nitachota mimi. Wewe utaanzia mlangoni, nami nitafuata nyuma.

Mwanao mwenye hamu nawe,
Wafula