Sponji Iliyokunywa Ziwa

Nawoitorong, Lodwar
Januari 14, 2024

Mama mkwe mheshimiwa,

Ejok? Natumaini goti limepoa na huko Kakuma maji ya bomba yanafika. Sisi ni wazima. Annick anakula vizuri, mtoto analia kama kawaida yake, kwa hiyo hakuna ugonjwa.

Usishtuke kuona mwandiko wangu. Najua kwenu Kongo mkwe haongei na mama mkwe mpaka apeleke mbuzi wa kufungua mdomo, na mbuzi wangu ukame uliwamaliza. Lakini karatasi haina uso. Makuei akirudi huko na lori lake la soda, ataibeba.

Nimepata boti! Ni ya faiba, ya zamani. Imelala kifudifudi nyuma ya ghala hapa mjini miaka mingi. Ni nzito ajabu, kuisogeza tu tuliita vijana wa mtaa mzima. Boti nzito ni boti imara. Naziba nyufa, napaka rangi, naipeleka ziwani Kalokol. Safari ya kwanza ni kumpeleka Annick na mtoto Kataboi, mama yangu amwone mjukuu.

Annick anasema wewe na marehemu baba mlitengeneza boti kule Kalemie. Niambie tu gundi gani inashika faiba kwenye joto hili.

Mkweo,
Ekeno

Kakuma
Januari 27, 2024

Mkwe wangu Ekeno,

Yambo sana. Goti ni lile lile, tumezoeana. Mbuzi nitangoja, mimi si mtu wa haraka. Nilifurahi kuona barua, nikacheka peke yangu mpaka jirani yangu Nyandeng akaja kuuliza kuna nini. Nilipofika kwenye uzito wa boti, nikaacha kucheka.

Faiba si nzito, mkwe wangu. Uzito huo ni maji. Chini ya sakafu ya boti kuna sponji ngumu ya manjano. Fundi aliijaza humo ili boti isizame. Ikiwa mpya, inaelea. Ikizeeka inakunywa maji, na ikishakunywa haitapiki. Siku wimbi likiingia, sponji hiyo haimwinui mtu, inamvuta chini.

Kata sakafu, toa sponji yote. Habari ya gundi baadaye. Na mwanangu na mjukuu wangu wasikanyage humo mpaka uniandikie kwamba imetoka.

Mama mkwe wako,
Immaculée

Nawoitorong
Machi 3, 2024

Mama mkwe mheshimiwa,

Ejok? Huku jua linachoma, lakini afya iko.

Nimechelewa kujibu kwa sababu ya kazi. Mama, kwa heshima yote, hii ni Lodwar. Hapa nguo inakauka kabla hujamaliza kuanika. Maji yakae ndani ya boti miaka yote hiyo yakingoja nani? Lakini sikukudharau. Niliazima drili nikaitoboa tumbo hapo hapo ilipolala. Ulitoka unga wa manjano, mkavu kabisa kama unga wa posho.

Basi nimeziba tundu na kupaka rangi ya bluu. Imependeza! Wiki ya Pasaka tunakwenda Kataboi. Annick aliuliza kama umekubali, nikamwambia ndiyo.

Mkweo,
Ekeno

Kakuma
Machi 10, 2024

Ekeno,

Salamu nimepokea. Zangu utazipata ukishajibu.

Ulipotoboa, boti ilikuwa imelalaje? Kifudifudi, wewe mwenyewe umesema. Basi tumbo lilikuwa juu, na maji yako chini, upande wa sakafu. Umetoboa paa ukitafuta maji ya kisima. Na jua lako la Lodwar halina kazi hapo, maana faiba haipumui. Kilichofungiwa ndani kimefungiwa.

Igeuze. Iache ilale usiku kucha, kisha ufungue tundu lile lile.

Naweza kumpigia Annick sasa hivi na kumwambia asipande. Sijapiga, kwa sababu mke akisikia mama yake anamwita mumewe mwongo, nyumba inaingia ufa. Mwambie wewe. Nimemwagiza Makuei asirudi huku bila jibu.

Immaculée

Nawoitorong
Machi 18, 2024

Mama mkwe mheshimiwa,

Makuei amekunywa chai yangu yote akingoja hii barua.

Tuliigeuza Jumamosi. Jumapili nikafungua tundu. Mama, maji! Meusi, yananuka samaki na petroli. Yalianza watu wakienda kanisani, wakarudi bado yanatoka. Mbuzi wa jirani walikuja mbio na kiu yao, wakanusa, wakaondoka.

Nilikata sakafu. Sponji ya upande mmoja inapukutika, ya upande mwingine ni kama ugali ambao haujaiva. Nimeichimba kwa panga, kwa jembe, mwishowe kwa vidole. Ukiikamua inalia. Lundo lake limefika dirishani na mikono inaniwasha mpaka sasa. Boti hii ya leo, mimi na jirani tu tunaibeba.

Annick nimemwambia yote. Amenichunia kama wewe, na yeye hana hata desturi ya kumkataza kuongea.

Sasa boti ni tupu. Sponji mpya hapa haipatikani. Pasaka hatuendi. Nifanye nini?

Mkweo,
Ekeno

Kakuma
Aprili 6, 2024

Mkwe wangu Ekeno,

Yambo, yambo sana! Hizo ni salamu na deni lake. Mikono ipake mafuta, kisha uikande kwa maji ya moto.

Makuei anakuletea madumu matupu ya mafuta ya kupikia. Kwaya nzima ya kanisa imechangia, na Nyandeng ametoa hata lile alilokuwa akikalia. Ziba kila kifuniko kwa gundi, lizamishe dumu kwenye maji, likitoa mapovu liweke kando. Yafunge kwa kamba, yabane chini ya sakafu na chini ya viti, yasicheze. Na tundu la chini usilizibe moja kwa moja, litie kizibo, boti ikirudi nchi kavu iwe inakojoa.

Ningekuja kukagua mwenyewe, ila ruhusa ya kutoka kambini bado. Kwa hiyo macho yangu ni wewe.

Mama mkwe wako,
Immaculée

Kataboi
Mei 20, 2024

Mama,

Annick ni mzima. Mtoto ni mzima. Nimeanza na hayo, ejok itafuata.

Tuliondoka Kalokol alfajiri ziwa likiwa limetulia. Kabla ya Kataboi upepo ukaamka. Wimbi la kwanza likazima injini, la pili likajaza boti mpaka ukingoni. Tuliketi ndani ya maji mpaka kifuani, Annick amemwinua mtoto juu ya kichwa, nami nimemshika Annick. Nilingoja iende chini. Haikwenda. Madumu yalikuwa yakigonga sakafu chini ya miguu yetu, na kila yalipogonga nilijua bado tunaelea. Wavuvi wa hapa wakaja wakatuvuta.

Mama, ningesafiri Pasaka na ile rangi yangu ya bluu, leo ungezika watu, kama wangepatikana. Nimelia mbele ya mama yangu, siogopi kusema. Na mbuzi bado sina.

Mkweo,
Ekeno

Kakuma
Juni 2, 2024

Mwanangu Ekeno,

Yambo. Barua yako nimeisoma nimesimama, nikaketi chini kwenye vumbi, nikaisoma tena.

Usitafute mbuzi. Ulikuwa umemshika mwanangu ndani ya maji, mbuzi gani anashinda hiyo? Wazee wa kwetu wakiuliza nani amefungua mdomo, nitawajibu mimi.

Jumapili baada ya misa, piga simu. Usimpe Annick azungumze kwa niaba yako. Nitapokea mimi mwenyewe, na nikiitikia usikate kwa woga. Sijawahi kusikia sauti yako.

Mama