Ikiwa ni Gesi, Cheka

Nyumbani,
Chumba cha uani,
Jumapili, 9 Novemba.

Mpendwa Kaka Mkubwa,

Pokea salamu zetu sote. Hujambo? Wifi hajambo? Watoto wangu wanaendeleaje na shule, na yule mdogo bado anakohoa akilala? Nakuuliza nikiwa nataka majibu kamili. Tafadhali usiniandikie lile neno lako la "tupo tu", maana siku hizi majibu mepesi yananitia homa.

Sisi huku tunapumua. Mama anakula kidogo, analala kidogo, na wiki hii ameanza tena kumwagilia maua yake. Mimi nimerudi kazini. Shangazi hajakanyaga hapa tangu matanga yaishe, na sababu yake utaikuta humu humu.

Barua yako ilifika. Unasema kila mtu anakuambia Baba alianguka ghafla, na ukiuliza "ghafla vipi" simu inakatika. Kaka, simu haikukatika. Ni mimi niliyekata, mara zote mbili. Swali lako lina jibu, ila mdomo wangu umeshindwa kulibeba. Kaa kitako usome.

Inabidi nianze na lile tangazo, kwa kuwa huko uliko halionyeshwi. Ulisikia tu kwamba mzee wako amekuwa nyota wa televisheni na kwamba watoto wa mtaani wanamwita Mzee Gesi. Jina hilo lilitoka kwangu. Unakumbuka Baba alivyokuwa? Akibanwa kifua, ni gesi tu. Mgongo, ni gesi tu. Hata lile jino lililomvimbisha shavu, ni gesi tu. Gesi ya jino, kaka! Tulicheka mpaka Mama akatufukuza mezani.

Sasa mwaka juzi kampuni moja ya bima ilikuja ofisini kwetu ikiwa na shida. Matangazo yao yote yalikuwa ya kutisha: gari la wagonjwa, mjane anafuta machozi, sauti nzito kama ya hakimu. Watu wakiyaona wanabadilisha stesheni. Mimi ndiye niliyesema kwenye kikao kwamba hakuna anayependa kutishwa sebuleni kwake, ila kila mtu anapenda kuchekeshwa. Mchekeshe kwanza. Mtu akishacheka amekufungulia mlango mwenyewe, na wewe unapitisha hofu yako nyuma ya kicheko, taratibu, asijue imeingia saa ngapi. Unajua panya anavyomtafuna mtu nyayo usingizini, anauma huku anapuliza. Ndiyo kazi yangu hiyo, na naiweza.

Nikaandika hivi. Mzee amekaa kwenye kochi, anajishika kifua, anasema, "Ni gesi tu." Mkewe anauliza, "Nikuletee maji?" Majirani wanaingia, mzee ameshateleza mpaka chini ya kochi, anasema, "Ni gesi tu." Mwisho anatolewa kwa machela, miguu imeshapita mlangoni, kidole kinainuka juu: "Jamani, ni gesi tu!" Halafu sauti ya kike, tulivu: "Ikiwa ni gesi, cheka. Ikiwa si gesi, tupo."

Mara tatu, kaka. Ya kwanza mtu anatabasamu, ya pili anacheka, ya tatu anaisema yeye mwenyewe kabla ya mzee, na akishaisema kwa mdomo wake amekwisha kuwa wetu. Neno kifo halimo hata mara moja. Kila anayetazama analisikia. Nilipewa zawadi kwa tangazo lile, iko kabatini, sitaki kuiona.

Haikuwa Baba aigize. Alikuja siku ile kuleta kochi tu, lile la kijani alilolitengeneza kwa wiki mbili, na alikuwa chini yake akikaza mguu, misumari imejaa mdomoni. Mwigizaji tuliyemkodi alikuwa anaigiza maumivu kupita kiasi, anagumia utadhani anajifungua. Nikasema, Baba, hebu muonyeshe. Akatema misumari kiganjani, akakaa, akajishika kifua, akasema maneno yale kwa upole kabisa, kama mtu anayeomba radhi kwa kuwasumbua wenzake. Mpiga picha alicheka mpaka kamera ikatikisika. Yule mwigizaji akalipwa, akaenda zake.

Sitakudanganya, Baba alifurahi. Watu walikuwa wanakuja karakana kuagiza viti ambavyo hawavihitaji, ilimradi wamsikie. Barabarani, benki, hata kwenye misiba ya watu, mtu anamwambia mzee, tupe ile, naye anatoa. Mama alijifunza sehemu ya mke. Wageni wakija nyumbani wawili hao wanaigiza mwanzo mwisho, Mama na "nikuletee maji" yake, sisi mbavu hatuna. Unajua Baba mwenyewe ndiye aliyekuwa akituambia mzaha mzaha hutumbua usaha. Sijui aliisahau lini. Labda tulimsahaulisha.

Sasa nakuambia ile Jumapili aliyoanguka.

Shangazi alikuja na wenzake wawili wa kazini, watu wema, walitaka kumwona Mzee Gesi kwa macho. Tulikuwa tumemaliza kula. Shangazi akamwambia Baba, "Kaka, wape ile." Baba akasema leo amechoka, labda baadaye. Nilimwona ana jasho kwenye mdomo wa juu, nikafikiri ni joto. Akainuka kwenda dirishani, akasimama katikati ya chumba, akajishika kifua, akarudi akakaa kwenye mkono wa kochi. Akasema, "Ni gesi tu."

Tulicheka, kaka. Shangazi alipiga makofi. Mama, kwa mazoea, akasema "nikuletee maji?" na wale wageni wakashikana mabega kwa kicheko. Baba akateleza mpaka chini kama kwenye tangazo. Akainua mkono. Nasema tena ujue ninachokuambia: alinyoosha mkono kuelekea kwangu mimi, nikaona kidole, nikacheka zaidi, nikamwambia Baba leo umepatia kuliko siku zote.

Mama ndiye aliyenyamaza kwanza. Aliona kwamba ndara moja imemtoka na hajaitafuta kwa mguu. Baba hakuwa mtu wa kukaa na ndara moja. Kutoka pale ni kelele, gari la jirani, mlango wa hospitali. Tulicheka kwa dakika ngapi? Nimezihesabu kila namna. Nasema tatu. Shangazi anasema hata moja haikufika. Daktari nilimuuliza kama dakika hizo zingemwokoa, akanitazama, akasema hawezi kujua. Ni mtu mwema yule. Alitaka nipate usingizi.

Utauliza kama bima ilikuwepo. Ilikuwepo. Kampuni ilimkatia Baba bima nzuri kama shukrani, na walilipa kila kitu bila kuuliza swali la pili. Hilo ndilo linaloniunguza. Nilichoahidi kwenye tangazo kilikuwa kweli, neno kwa neno. Kilichokosekana ni mtu mmoja mle chumbani wa kuacha kucheka. Maskini Shangazi anadhani ni makofi yake. Nimemwendea mara mbili, hafungui mlango.

Kampuni iliondoa tangazo wiki ya msiba. Mwezi uliopita wakauliza kama familia inakubali lirudi, na utepe mweusi pembeni na maneno ya kumkumbuka. Bosi akanivuta korido akaniambia, kwa upole, kwamba sasa litakuwa na uzito zaidi. Nilitaka kumzaba kofi. Kisha nikaona aibu, kwa sababu ningekuwa mimi ningesema vilevile. Nikakataa, nikadhani mambo yameisha.

Jumamosi ya wiki iliyopita mchana nilikuwa napita uani na beseni la nguo, nikasikia sauti ya Baba chumbani kwa Mama. Beseni liliniponyoka. Nikachungulia dirishani. Mama amekaa kitandani, simu ameiegemeza kwenye mto, sijui nani alimwekea tangazo humo. Baba anasema ni gesi tu. Mama anamjibu, kwa sauti yake ya kawaida, ile ya kumwambia chakula tayari: "Si gesi, baba watoto. Inuka twende." Anarudisha nyuma. Baba anasema tena. Mama anajibu tena.

Niliingia nikamuuliza kwa nini anajitesa. Akaniambia, "Siku ile nilimjibu vibaya. Sasa namjibu."

Nililia, kaka, sikuficha. Na hapa ndipo unijue dada yako alivyo: katikati ya kilio kile, kichwa changu cha ofisini kikasema, hilo ndilo tangazo. Baba anasema maneno yake, watu wanacheka, halafu sauti ya Mama inamjibu hivyo, basi, bila kingine chochote. Nilijichukia. Nilikwenda nikaosha uso kana kwamba kuna mtu ameniona.

Ningeliacha lifie hapo hapo. Ila Jumatatu hii mlinzi wa ofisini, mtu mzima, rika la Baba, aliinuka kitini akajishika ubavu, akakunja uso, akasema ni gesi tu. Mfagiaji akacheka. Nikamshika mkono nikamwambia inuka twende hospitali. Wakacheka wote wawili mpaka machozi, wakaniambia kweli mimi ni mtoto wa Mzee Gesi. Alikataa kwenda. Yuko kazini, mzima, namtazama kila nikipita. Lakini nilielewa kwamba kuondoa tangazo hakusaidii kitu. Maneno niliyoyaandika yanatembea yenyewe, yameingia midomoni mwa watu nisiowajua, na hakuna anayewajibu.

Nikamweleza Mama yote, hata ile sehemu ya kichwa cha ofisini. Sikutegemea anielewe. Akasema sauti yake atatoa, lakini nimwandikie kwanza mkubwa, neno lake ndilo la mwisho.

Kwa hiyo nakuuliza. Tumwache Baba apumzike na kampuni itafute mzaha mwingine? Au nimruhusu Mama amjibu mbele ya watu wote, nikijua kampuni itapata wateja kwa uchungu wake, na nikijua pengine, kwenye sebule moja tu, mtu ataacha kucheka mapema? Mimi sijiamini tena. Kila sababu nzuri ninayoifikiria inasikika kama tangazo.

Na ukitaka kunilaumu, nilaumu, una haki hiyo. Ninachokuomba ni kimoja, usikate simu kama nilivyokata mimi.

Nisalimie wifi sana, mwambie kitenge chake nimekipata na nimekivaa. Wabusu watoto, yule mkubwa mwambie mimi shangazi yake sijasahau ahadi ya baiskeli. Jirani mwenye gari anakusalimu, na mafundi wa karakana pia. Kochi la kijani liko kwao, wamelifunika shuka, hakuna anayelikalia. Mungu akuzungushie ulinzi wake huko uliko, akurudishe kwetu ukiwa na afya yako yote.

Mama yuko hapa pembeni yangu, amenishika bega ninapoandika. Hana kinyongo kwamba hukuwahi maziko, ameniambia nikuandikie hilo wazi. Anasema alipokusikia kwenye simu wiki ile ya msiba ulikuwa unahema, na ulipoulizwa ulisema ni ngazi tu. Anauliza kifua chako kikoje. Ameuliza mara tatu sasa, na hacheki.

Mdogo wako akupendaye,
na leo akuogopaye kidogo,
Kitindamimba.