Siku Kaka Alipofutiwa Hatia Yake

Nyumbani kwa Kaka,
Ghorofa ya pili, juu ya karakana,
Mtaa wa nyuma ya kiwanda cha sabuni.
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Na shikamoo ya pili ni ya wifi, amesimama nyuma yangu mikono imejaa unga, anahakikisha sijaisahau. Magoti yako yanasemaje? Barua yako ya mwisho ulisema baridi ya huko imeyaingia hadi ukitaka kupanda ngazi inabidi kwanza uyabembeleze. Tunakuombea yapone, na kama hayataki kupona, basi angalau yakuheshimu. Kikohozi kimekwisha? Na yule paka wa jirani aliyehamia kwako bila kukaribishwa, bado anakula kabla yako?

Sisi huku ni wazima. Mimi bado niko kiwandani nashona mashati. Sasa wamenihamishia kwenye kola, kazi ambayo ukikosea kidogo tu shati zima linapinda shingo kama mtu aliyelala vibaya. Bado nakaa kule bweni la wafanyakazi, lakini Jumapili ni yangu, na Jumapili zangu nazileta hapa kwa Kaka. Yule jirani wa chini tunayemwita Redio hajambo, na matangazo yake hayajakatika.

Sasa, Shangazi, kama umesimama, kaa. Nina habari ambayo mpaka leo nikiifikiria nywele zinanisimama, nami nataka kukupa tangu mwanzo, maana ukiipata mkiani utadhani nimeota.

Ya Kaka unayajua, kwani wewe ndiye uliyempa jina la Cheche, kwa jinsi alivyowaka haraka utotoni. Unajua pia ule ugomvi wa nje ya ukumbi wa dansi, chupa aliyoirusha, na kijana mlinzi wa mlangoni aliyepoteza jicho. Kaka alifungwa, akatumikia kifungo chake chote, akajifunza kuchomelea vyuma hukohuko ndani, akatoka. Tangu hapo hajamwinulia mtu mkono. Hata sauti haipandishi. Wifi husema aliolewa na mtu anayegombana na milango tu, tena ile iliyoshika kutu.

Lakini kifungo kiliisha, hatia haikuisha. Kila alipokwenda ilikuwa imeshafika kabla yake. Watu wa kampuni ya kufunga lifti waliupenda mkono wake wa ufundi, wakasoma cheti cha polisi, wakaacha kuupenda. Ubalozi wa huko ulimnyima ruhusa ya kuja kumzika Mjomba wetu, na najua ulilia. Mwishowe akafungua karakana yake hapa chini, akasema mwenyewe hawezi kujikataa kazi.

Hayo tuliyazoea. Kisha akafariki Dada, na mwanawe akabaki.

Nilikuandikia wakati ule kwamba mtoto atakuja kukaa kwa Kaka. Mtu mwingine ni nani? Baba yake aliondoka kabla hajazaliwa, na bwenini kwetu mtoto haruhusiwi hata kuja kusalimia. Kaka akatengeneza kitanda cha chuma chenye maua kwenye vichwa vyake, wifi akapaka rangi chumba. Afisa wa ustawi wa jamii akaja, akakipapasa kile kitanda, akatabasamu, akanywa chai yetu. Kisha zikamfikia karatasi za polisi. Akarudi safari hiyo bila kukaa. Akasema mtu aliyetiwa hatiani kwa kumjeruhi mwenzake hawezi kupewa mtoto amlee, sheria haimruhusu, na yeye hana la kufanya. Nadhani alisikitika kweli. Mtoto akapelekwa makao ya watoto.

Tukawa tunakwenda kumwona kila Jumapili uani kwao, kwenye benchi, huku mlezi wa makao amekaa pembeni anafuma na kutusikiliza. Mtoto anauliza mbona kitanda chake kiko kwa Mjomba na yeye yuko huku. Kaka anatazama viatu vyake.

Aliyetutoa katika hali hiyo ni wakili mmoja wa ofisi ya msaada wa kisheria, mwanamke mfupi mwenye mkoba mkubwa kuliko yeye. Alikuja karakanani kuchomelewa geti. Redio, Mungu ambariki kwa mara hii moja, akampa historia yetu yote kabla geti halijapoa. Wakili akamgeukia Kaka, akasema kuna sheria kwa watu kama yeye. Mtu aliyemaliza adhabu na akakaa miaka mingi bila kosa anaweza kuiomba mahakama iifute ile hatia, isihesabiwe tena juu yake mahali popote.

Kaka akauliza, "Kwa hiyo watasema sikufanya?"

"Hapana. Ulifanya. Watasema imetosha."

Sikuwahi kujua, Shangazi, kwamba sheria inalo neno kama hilo. Nilidhani inajua kufunga tu.

Basi ombi likaandikwa. Lakini wakili akasema lazima yule aliyeumizwa apelekewe taarifa, na akitaka kuja kusema lolote, atasikilizwa. Hapo Kaka nusura aache. Alikaa kwenye ngazi za karakana, barakoa ya kuchomelea bado iko kichwani, akasema, "Nimemchukulia jicho. Sasa nimchukulie na asubuhi yake, aje akae chumba kimoja na mimi?" Wifi, unayemjua kwa upole, alitupa kitambaa chini. "Utamwogopa mtu mzima mpaka lini, na mtoto analala kwa wageni?" Kaka akavua barakoa, akatia saini. Taarifa ikaenda. Jibu halikuja.

Siku ya mahakama nilimwomba msimamizi ruhusa, akanipa kwa kununa. Nilitegemea jumba kubwa la kutisha. Kumbe ni chumba kama darasa, mabenchi yamechongwa majina ya watu waliochoka kusubiri, feni inazunguka lakini upepo haufiki popote. Hakimu ni mama wa makamo, miwani imening'inia kwenye mnyororo. Kabla yetu alikuwa akiwaamua ndugu wawili waliogombania mashine ya kukoboa mahindi, hata karani alikuwa anapiga miayo. Nikawaza, Mungu wangu, maisha ya Kaka yatapita hapa hapa katikati ya mashine na miayo?

Akaitwa. Akasimama kizimbani na shati nililomshonea mimi. Wakili akaeleza, mwendesha mashtaka akasema upande wake hauna pingamizi. Hakimu akauliza, "Mlalamikaji wa kesi ile amepewa taarifa?" Karani akajibu amepewa. "Yupo?"

Nyuma kabisa, karibu na mlango, mtu akasimama.

Alikuwa ameingia wakati gani hatujui. Mwanaume mnene kidogo, koti limepigwa pasi, jicho la kushoto limefumba. Mkewe alikuwa amemshika mkono, naye akautoa taratibu, akaja mbele. Kaka alishika ule ubao wa kizimba kwa mikono miwili.

Hakimu akamwambia akae kama anapenda. Akasema atasimama. Nitakuandikia maneno yake kama nilivyoyasikia, maana nimeyarudia kichwani kila siku, cherehani ikienda na yenyewe yanakwenda.

"Mheshimiwa, watu wameniuliza kama nimemsamehe. Ziko siku naamka nimemsamehe. Ziko siku namimina chai nje ya kikombe mbele ya wajukuu, na siku hiyo sijamsamehe hata kidogo. Hayo ni yangu, sikuja kuyaleta hapa. Nilikuja kwa sababu karatasi yenu inasema huyu bado ananyimwa mambo, hata mtoto wa dada yake, kwa ajili yangu. Mimi nilidhani alipewa miaka yake, akaimaliza. Hii adhabu nyingine anapewa na nani? Mimi sipati kitu humo. Jicho halirudi. Kama mtoto yule anakaa makaoni kwa jina la jicho langu, basi mimi sikumpeleka huko, na sitaki aendelee kukaa huko kwa jina langu."

Shangazi, hata karani aliacha kuandika. Nimeona watu wakisali sana, nimeona mazishi, nimeona mtoto akizaliwa kwenye korido ya hospitali. Lakini sijawahi kuona mtu akisimama na maumivu yake yote bila kuyapunguza hata chembe, halafu akafungua mkono.

Hakimu akavaa miwani, akaivua tena. Akamuuliza Kaka kama ana la kusema. Kaka alikuwa ameandaa maneno, wiki nzima aliyasema mbele ya kioo. Yote yalimkimbia. Akamtazama yule mtu, akasema, "Ni mimi niliyeirusha ile chupa. Haikuniponyoka, kama nilivyodai siku zile. Niliirusha." Akaishia hapo.

Yule mtu akaitika kwa kichwa, kama mtu aliyerudishiwa kitu chake.

Kisha hakimu akasema. Hakupaza sauti, hakugonga meza. Alisema mahakama haina uwezo wa kufanya lililotokea lisiwe limetokea, wala haikuombwa hivyo. Alisema adhabu ina mwisho, na mwisho huo ni sehemu ya adhabu. Ukikosekana, hiyo si haki tena, ni mazoea. Kuanzia leo hatia ile imefutwa, haitatajwa katika cheti chake chochote, na ofisi yoyote haitamnyima jambo kwa sababu yake. Akasaini. Karani akapiga muhuri, pa!, kama mtu anayeua nzi. Ndivyo ilivyokuwa. Kitu kilichomfuata ndugu yangu kila mlango, mama wa makamo amekiambia kikae chini, nacho kimekaa.

Kaka alibaki amesimama. Kesi ya pili imeshaitwa, yeye yupo tu.

Hakimu akamwambia kwa upole, "Bwana, unaweza kwenda."

"Niende wapi, Mheshimiwa?"

"Popote."

Hapo ndipo wifi alipolia, na mimi nikamfuata, na wale ndugu wa mashine ya kukoboa, ambao hawakuwa wametoka, mmoja wao nilimwona anajifuta kwa mkono wa shati.

Nje, kwenye ngazi za mahakama, Kaka alitaka kumkimbilia yule mtu amshukuru, akakosa pa kuanzia, akawa anamfuata nyumanyuma upande wa kushoto kama mtoto aliyetumwa dukani akasahau kitu. Yule mtu akasimama bila kugeuka. "Njoo upande huu," akasema. "Huko sikuoni." Kaka akazunguka akaja kulia kwake. Wakashuka ngazi zote pamoja, polepole. Chini wakapeana mikono. Yule mtu akaenda zake na mkewe. Hawakukumbatiana, Shangazi, wala hatujui kama tutamwona tena. Nilitamani kumbusu mikono, lakini nikaona ningelipunguza alilolitenda.

Afisa wa ustawi wa jamii alikuja tena. Safari hii alikaa. Mtoto ameletwa Alhamisi hii, na begi lake na mdoli asiye na mguu. Kitanda kimekuwa kifupi kidogo, amerefuka huko makaoni. Kaka anataka kukichomelea upya, mtoto amekataa, anasema akikunja magoti anaenea.

Leo mchana tulipokuwa mezani akauliza, waziwazi kama watoto wanavyouliza, "Mjomba, kwa nini walikuwa hawataki nikae kwako?" Wifi akataka kuleta habari ya matunda. Kaka akamzuia kwa mkono.

"Zamani nilimpiga mtu kwa chupa. Jicho lake likaharibika."

Mtoto akaacha kijiko. "Kwa makusudi?"

"Nilikuwa na hasira. Ndiyo, kwa makusudi."

Akamtazama, Shangazi, kwa macho yale yale ya Dada. "Na sasa hasira zako ziko wapi?"

"Zipo. Nazifanyia kazi kila siku."

Akafikiri. Kisha akavuta kiti chake, miguu ikakwaruza sakafu yote, akakisogeza karibu na cha Kaka mpaka viwiko vikagusana, akaendelea kula. Kaka akainamia sahani yake. Nami sikumwangalia, nikamwachia nafasi yake.

Nisalimie mabinti zako wote wawili, na mkweo mchekeshaji, na mjukuu aliyeota jino. Wifi anakusalimu kwa unga wake, Kaka anakusalimu na anasema ataanza upya maombi ya ruhusa ya kuja huko, akafike kaburini kwa Mjomba wetu. Mtoto anakuita Bibi, ingawa hajakuona. Mungu akupe afya, akulainishie ngazi zako, na akukutanishe nasi sote tukiwa tunaonana uso kwa uso.

Wako akupendaye bila kupunguza,
Mwana wa kaka yako, mtoto wa mwisho.