Mkuki wa Pini

Bibi mshauri, shikamoo, na unisamehe kukuandikia jambo ambalo wengine wataliona la kitoto, lakini kwangu ni zito na Jumamosi inakuja. Mimi ni binti, fundi cherehani, naishi na baba yangu mzazi, chumba cha mbele tunagawana, cherehani yangu iko dirishani na meza yake iko ukutani. Baba ni fundi wa askari wadogo, vile visanamu vya risasi, yale madini laini, virefu kama kidole gumba, ambavyo watu wazima huvikusanya na kuvipanga kabatini, na ugonjwa wao ni mmoja tu, silaha, maana mkuki wa madini yale ni mwembamba kama njiti, ukipinda ukaunyoosha mara moja unakubali, ukiunyoosha mara ya pili unakatika. Hapo ndipo wanaletwa kwa baba, naye hukata kisiki kilichobaki, hutoboa ngumi ya askari kwa keekee nyembamba, huchomeka waya wa shaba, lakini kwanza huifua ncha yake kwa kinyundo mpaka iwe bapa kama jani, na akishapaka rangi huwezi kujua mkuki upi ni wa zamani na upi ni wake.

Sasa, Bibi, mikono ya baba imeanza kutetemeka. Mwanzo nilidhani ni njaa, kisha siku moja nikamwona anatoboa ngumi ya askari ikapasuka yote, akaitazama, akasema, "Huyu alikuwa ameshachoka na vita," akamweka pembeni, wala hakucheka. Alipolala baada ya chakula cha mchana niliiangalia mikuki aliyochomeka asubuhi, imeegemea huku na huku kama jeshi lililotoka kilabuni, nikashindwa kuvumilia, nikaing'oa, na kwa kuwa kufua ncha ya waya sijui, nikachukua pini zangu za kushonea, nikazikata vichwa, nikachomeka na gundi, zikasimama wima, nikapaka rangi. Alipoamka alimwinua askari mmoja kwenye mwanga akasema, "Kumbe mkono bado upo," na mimi nikainama kwenye cherehani nikajifanya natafuta uzi.

Tangu hapo ndiyo kazi yangu, yeye anatoboa, anachomeka kombo, analala, mimi natengeneza. Na naona uzee unamwingia kwa njia nyingine pia, siku hizi anatangaza kulala, anasimama mlangoni anasema, "Mimi naenda kulala, na usingizi wangu leo ni mzito," tena askari anawaacha upande wa cherehani yangu, eti wapate mwanga. Akiamka anapitisha mezani ile sumaku niliyompa kutoka kwenye kopo langu la pini, aokote vipande vya keekee vilivyovunjika, anaizungusha katikati ya askari polepole, kisha anaiweka kando. Juzi mkuki ulimchoma kidole, akakinyonya, akasema tu kwamba mikuki ya siku hizi ni mikali.

Sasa mwalimu mmoja mstaafu ameleta askari wapanda farasi walioachwa na marehemu kaka yake, mikuki yote imekatika, na ameomba Jumamosi aje akae kando ya baba amwone akifanya kazi. Baba amemwambia karibu. Nilimwomba aahirishe, akaniuliza, "Kwani wewe una safari?" Nikisema ukweli nitamvunja moyo, nikinyamaza ataaibika mbele ya mgeni. Nifanye nini, Bibi?

Fundi wa Dirishani

*

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma kidogo kidogo, maana shule niliiacha mapema, na kila nilipopumzika nilisema, huyu binti ana mikono mizuri na macho ya mapambo.

Nikuulize. Pini zako zikimwagika sakafuni, unaziokota na nini? Sumaku. Na sumaku inashika nini? Chuma. Shaba haishiki, risasi haishiki, hata uibembeleze. Baba yako amezeekea kwenye madini, kila siku anapitisha sumaku katikati ya askari na mikuki inanasa, halafu wewe unaniambia hajui?

Na hilo la kutangaza usingizi. Mimi ni mzee, mchana nalala sana, lakini sijawahi kuitangazia nyumba uzito wa usingizi ambao bado sijaupata. Yule anakupisha. Anakuwekea askari karibu na mkono wako, anaondoka, ili usione haya. Wewe unamficha yeye, yeye anakuficha wewe, mnanyatiana kama wezi wawili walioingia duka moja. "Kumbe mkono bado upo." Alisema ni wa nani?

Huruma yako nimeiona, na hiyo usiitupe. Ila sasa nikugombeze. Pini ni chuma. Rangi ikichubuka itaota kutu, na ngumi ya yule askari itakuwa nyekundu kama ina kidonda. Tena inachoma watu. Wenye askari waliwaleta wakiamini watapata shaba, ukawapa pini. Mteja wako akileta gauni, ukalibana kwa pini badala ya kulishona, utamtazama usoni?

Usiende kumwambia mikono yake imekwisha. Anaijua, analala nayo. Leo, kabla hajafika mlangoni, weka sumaku mezani, weka na askari mmoja mwenye pini, vuta kiti, sema, "Baba, nifundishe kufua ncha." Neno hilo tu, kisha funga mdomo. Atakucheka waya wako wa kwanza, na wa pili atautupa. Mwache autupe. Macho anayo yeye, mikono unayo wewe. Kidole kimoja hakivunji chawa, na kinachotetemeka hata hakimpati.

Pini zilizobaki nyumbani zing'oe zote. Askari waliokwisha kuondoka, wenyewe waambiwe wawarudishe wabadilishiwe, na mwende kusema hivyo mkiwa wawili, si wewe peke yako umejiinamia kama mkosaji.

Jumamosi panga viti vitatu. Cha baba kiwe katikati, na cha kwako kiwe karibu na kinyundo. Mgeni akikaa, baba aseme mwenyewe: mimi natazama, binti yangu anachomeka. Mwalimu akishangaa, ashangae, kushangaa hakujavunja mkuki wa mtu. Ila ukimwacha baba atoboe peke yake mbele ya mgeni ili wewe uonekane mtoto mwenye adabu, ngumi ikipasuka, usiniandikie tena.

Na mchana wa Jumamosi hiyo akisimama mlangoni kusema usingizi wake ni mzito, mjibu: "Leo hulali, baba. Rudi ukae, nina kazi na wewe."