Jino Alilotuletea Imelda

Kijijini Maguu, Jumapili jioni. Ukungu umeshuka tangu mchana, na baridi ya Juni haina huruma. Mdogo wangu Imelda ameondoka na basi la asubuhi. Nilidhani akishaondoka nitapumua.

Sijapumua.

Alikuja likizo akitokea Ujerumani, anakosomea mambo ya miamba. Akatuletea habari za dinosaria mla nyama wa enzi za Jurasiki, aliyeishi huku huku kusini, upande wa Lindi. Jina lake Ostafrikasaurus. Wajerumani walichimbua meno yake zamani za ukoloni, wakaenda nayo kwao. Kinachojulikana ni meno tu, mwili wake hakuna aliyeuona. Imelda amelitazama jino moja kwa macho yake.

Baba, ambaye tangu Mama afariki hacheki ovyo, alicheka mpaka akashika mbavu.

“Meno tu, na wamempa jina? Mimi nimebakiza manne, wataniitaje?”

Kila jioni alitaka Imelda arudie. Majirani wakajaa sebuleni. Mimi nilikuwa jikoni nawasongea ugali, vicheko vyao vinanifikia kupitia ukuta.

Nilimwonea wivu hadi chakula kikanishinda. Miaka ile wanunuzi binafsi walipoingia kijijini, bei ya kahawa ilipanda, kisha ikaporomoka, na ada ya shule ikapatikana ya mtoto mmoja. Baba alimchagua Imelda. Na mimi nilikuwa nimefaulu! Nani anachuma kahawa sasa? Nani anampeleka Baba hospitali Litembo kifua kikimbana? Hakuna jirani aliyewahi kuvuta kigoda asikilize habari zangu.

Jioni hii Baba aliniita nikae naye karibu na moto.

“Mwanangu, hebu nisimulie yule mnyama wa Imelda.”

“Simjui. Nilikuwa jikoni.”

Halafu akaanza kunisimulia yeye. Kwa maelezo yake, mnyama akachimbuliwa Songea. Nikauma midomo. Akawa na shingo ndefu, anakula majani.

Uvumilivu ukanitoka.

“Hapana, Baba! Alikula nyama. Meno yake yana makali ya msumeno, ndiyo maana wakajua. Na ni Lindi, siyo Songea!”

Nikamsimulia yote, mpaka mwisho. Baba hakucheka.

“Kumbe ulisikia kila neno,” akasema. “Ile ada ingetosha wawili, ningewapeleka wote. Nilijua unaweza.”

Miaka yote hii alikuwa hajawahi kulisema. Nikasukuma kuni, nikapangusa macho, nikasingizia moshi.

Halafu akauliza: “Alikuwa mkubwa kama nini, huyo? Kama ng’ombe?”

Hilo kweli sikulijua.

Wivu bado ninao, sitajidanganya. Ila kesho, kabla sijashuka shambani, nitampigia Imelda nimuulize. Swali ni la Baba. Na ni langu pia.