Pahali pa Kunyamaza

Jumatano, Shieywe

Leo kwaya imejaribu wimbo wangu mara ya kwanza na imeharibika. Katikati niliandika wote wanyamaze kidogo, halafu besi waingie polepole. Kufika hapo, Mama Ayuma wa soprano akapiga vigelegele, wengine wakaanza makofi.

"Hapo mnanyamaza," mwalimu wa kwaya akasema.

"Kwa nini, mwalimu?" Mama Ayuma akauliza. "Hata kwa matanga hatunyamazangi! Wewe kijana, uliishiwa na maneno?"

Wakacheka wote. Mwalimu akaniangalia, akingoja nijibu. Jibu nilikuwa nayo. Nikacheka pia.

Jumapili wataimba ule wa zamani. Mwalimu anasema nitoe hiyo kimya ndio wajaribu tena. Lakini wimbo nilianzia hapo. Nikiitoa, sijui nitakuwa nimeandika nini. Na kwaya ingine sina.